Tuktuk za Mji wa Kale: nazipa nyota nne

Hili swali naulizwa sana, na wageni wanaokuja kupanga zile nyumba za Mji wa Kale na hata wenzangu wa hapahapa Mombasa walio na wazee nyumbani, eti mtu azunguke na nini mtaani kwetu, gari, boda, mkokoteni ama miguu tu. Mimi jibu langu ni tuktuk, hizi za magurudumu matatu. Nimezipanda tangu zilipoanza kujaa hapa mjini na mpaka leo ndio usafiri wa nyumba yetu, mama akienda kliniki, shangazi akienda harusini, mimi nikitoka Marikiti na mizigo. Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia nitaeleza mbele, maana kuna mambo yananiuma na yanaweza kurekebishwa.

Lakini kwanza mtu aujue huu mtaa wenyewe, ndio ataelewa kwa nini nasema hivyo. Mji wa Kale haukujengewa gari. Msikiti wa Mandhry unasemekana ni wa mwaka 1570, Ngome ya Yesu Wareno walianza kuijenga 1593, na hizi njia zetu zimefuata mguu wa mtu tangu zama hizo, zinapinda pale nyumba ilipotangulia, zinabanana pale jirani alipotoa baraza, alafu ghafla zakutoa baharini. Hata Ndia Kuu, ambayo ndiyo barabara yetu kubwa, gari mbili kupishana ni shughuli. Ukiingia ndani Kibokoni ama Kuze ama Mlango wa Papa kuna vichochoro ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote. Na maisha ya watu yako nje, wazee wamekaa barazani jioni, watoto na mpira wao, mama ameteleka karai la viazi mlangoni, muuza kahawa anapita na dele lake la shaba akigonganisha vikombe ili mjue amefika. Kwa hivyo mimi chombo chochote nakipima hivi: kinaweza kupita hapo bila mzee kulazimika kuinua miguu barazani pake? Kikiweza, ni cha mtaa huu. Kisipoweza kibaki huko nje, barabara kubwa ya Digo Road.

Miguu yenyewe ndiyo namba moja na sidhani kuna wa kubisha. Kijana mzima hana haja ya kitu kingine, kutoka Ngome mpaka bandari ya kale unafika kabla hujamaliza mabuyu yako. Shida ni jua la saa saba, na mizigo, na magoti ya watu wazima. Zamani mizigo ilikuwa kazi ya hamali na punda, na upande wa pili kulikuwa na bahari, maana sisi ni kisiwa. Kwenda ng'ambo ya Kisauni ilikuwa kuvuka kwa mashua mpaka lilipowekwa lile daraja la Nyali la kwanza mwaka 1931, lililokuwa likielea juu ya maji na unalipia kupita, kisha ndio likajengwa hili la sasa lililofunguliwa 1980. Tangu hapo mtu wa mjini akitaka kwenda Kongowea habari za mashua hana, anatoka mpaka barabarani anadaka matatu. Majahazi yangalipo bandari ya kale, na wavuvi wapo, ila usafiri wa mtu wa kawaida umehama majini ukahamia barabarani, na barabara ndizo hizo hazikuongezeka upana.

Na hapa kuna kitu watu wengi wa rika langu hawakijui, ambacho kwangu mimi ndicho babu wa tuktuk. Mombasa ilikuwa na troli. Tangu miaka ya 1890 mpaka kwenye miaka ya 1920 kulikuwa na reli nyembamba zimetandazwa barabarani, kutoka huku upande wa bandari ya kale zikikata kisiwa mpaka Kilindini, na juu ya reli vigari vidogo vya benchi, vina kipaa cha turubai cha kukinga jua, na vinasukumwa na watu wakikimbia nyuma. Hakuna injini wala mnyama. Maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwa na troli zao binafsi, na wengine reli ya kuchepuka iliwafuata mpaka mlangoni. Njia ilikuwa moja kwa hivyo zikikutana mbili lazima moja ipishe. Picha zake zipo, zilichapishwa sana kwenye postikadi za wakati ule, na kila nikiziangalia macho yangu yanakwenda kwa wale wasukumaji, siyo kwa bwana aliyekaa na kofia yake. Kukimbia na uzito wa mtu mwingine kwenye joto la Mombasa, kutwa nzima, si kazi ya kumtakia mtu. Lakini ule upana wa kile kigari ulikuwa sawa kabisa na mji wetu, hilo nalikubali. Motokaa zilipokuja reli zikang'olewa, na kwa miaka mingi sana hapakuwa tena na chombo cha kipimo chetu. Ilikuwa ama teksi ambayo inakuacha mbali na mlango, ama baiskeli, ama utembee.

Tuktuk ndiyo iliyorudisha kile kipimo, safari hii bila kumkimbiza mtu. Asili yake si India kama wengi wanavyodhani, Piaggio wa Italia ndio walianza kutengeneza Ape mwaka 1948, vita vimetoka kuisha, watu hawana pesa za gari na miji yao ya zamani ina vichochoro kama vyetu, wakachukua Vespa wakaipa magurudumu mawili nyuma na sehemu ya kubebea. Wahindi wakaipokea wakaifanya yao, na nyingi tunazopanda hapa, ziwe Bajaj ama TVS, zimetoka huko India. Gurudumu la mbele ni moja na usukani ni wa mikono kama pikipiki, kwa hivyo inageuka mahali ambapo gari dogo kabisa lingerudi nyuma mara tatu. Abiria watatu nyuma, dereva peke yake mbele. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Wacha nieleze vile mamangu anavyopanda, maana hapo ndipo utaona thamani yake. Magoti yake hayakunji vizuri. Matatu hawezi kabisa, ngazi ya kwanza iko juu na makanga anapiga bodi "twende mama twende" na gari lishaanza kusogea. Boda hataki hata kuisikia, buibui lote liende wapi. Sasa tuktuk sakafu yake iko chini, anachofanya ni kuipa mgongo, anakaa kwanza pale ukingoni mwa kiti, anashika kile chuma kilicho nyuma ya dereva, kisha anaingiza mguu mmoja, anapumua, anaingiza wa pili. Hakuna mtu wa kumsukuma. Pembeni pako wazi upepo unaingia, na mvua ya mwaka ikija kuna yale mapazia ya turubai yanateremshwa, ingawa kusema kweli magoti ya wa pembeni huloa tu. Kiti kikikaa juani kinachoma, kwa hivyo yeye hutembea na kanga ya kutandika. Kushuka ni vivyo hivyo kinyumenyume.

Na madereva, wale wa hapa mtaani hasa, ni sehemu kubwa ya hizi nyota ninazotoa. Huku nyumba hazina namba za maana, unamwambia nipeleke kwa marehemu fulani, ule mlango wa nakshi mkabala na msikiti, na anapajua, tena anajua na jua liko upande gani saa hiyo. Kuna kijana mmoja tunayempigia simu siku za kliniki, akifika hapigi honi, anashuka anabisha hodi, salamu kwanza, "asalaam aleikum mama, umeamkaje," anapokea mfuko. Siku ya kurudi alisimama hatua chache kabla ya mlango wetu, nikashangaa, kumbe pale mlangoni jua lilikuwa kali. "Ngoja mama, nisogee kivulini ushuke taratibu, hakuna haraka." Mama akamwambia "Mungu akuweke mwanangu." Huduma ya namna hiyo huwezi kuilipia kwa mita.

Bei nazo si mbaya. Safari za ndani kwa ndani, tuseme kutoka Marikiti mpaka Kibokoni na mizigo yako, mimi hutoa shilingi mia. Kwenda feri ya Likoni huwa mia mbili ukipatana vizuri, usiku inapanda, mvua ikinyesha inapanda, petroli ikipanda nayo ndio haishuki tena. Mgeni akionekana ni mgeni anatajiwa bei ya kwake na hili silipendi hata kidogo, halijengi jina la mtaa. Dawa yake ni kupatana kabla hujakaa, kwa upole, umtajie mahali pa mwisho kabisa unaposhukia, siyo "Ngome" halafu ukifika Ngome unamwambia endelea kidogo, hapo hata mimi ningeongeza bei.

Sasa ile nyota. La kwanza ni wanaokubali pesa ya mlangoni halafu wanakushusha barabarani. Mmoja alimshusha shangazi yangu Makadara na nazi zake na mfuko wa samaki unavuja barafu, eti huko ndani hana pa kugeuzia, na ilhali mapatano yalikuwa mpaka nyumbani na pesa kashapokea. Mtu mzima yule, juani, anangoja mtoto wa watu apite amsaidie. Kama njia huiwezi sema mapema, abiria achague mwingine, hakuna atakayekulaumu. La pili ni hawa wanaoweka abiria wa nne, ama wanakaa wao na mtu mwingine pale mbele kiti kimoja, dereva anaendesha amekaa upandeupande na usukani ule ni wa mikono miwili, akifunga breki ghafla hapo ni nini? Mimi nikiona hivyo nashuka.

La tatu ni kelele. Zile za dizeli hasa, zikipita kwenye kichochoro sauti inagonga ukuta huu inarudi na ukuta ule, mtoto aliyelala anaamka nyumba tatu mbele, na kuna wengine juu ya hiyo dizeli waongeze na muziki, wapite nao mbele ya msikiti imamu yuko kwenye rakaa. Hao wengi si wa mtaa huu, na huwa tunawaambia, wanaelewa. Moshi pia, maana njia zenyewe hazina upepo. Ndio maana nimefurahi kuona tuktuk za umeme zimeanza kuonekana mjini. Nilipanda moja, wallahi nilisikia viatu vya watu wanaopita, nilisikia mpaka redio ya kinyozi, mama akauliza kwani imezima? Kwa mtaa kama wetu zile ndizo zenyewe, njia fupifupi, mwendo wa polepole, na jioni inachajiwa. Isipokuwa kimya chake nacho kinataka adabu, mtoto akicheza kichochoroni hataisikia ikija nyuma yake, kwa hivyo dereva aende mwendo wa mtu anayetembea na kengele ndogo ingesaidia.

Apu za simu nazo nimezijaribu na kwa hapa ndani sizipendekezi. Ukiwa Nyali ama Bamburi sawa, barabara zipo wazi. Huku ramani inakuweka mtaa wa pili ama inadhani kichochoro cha ngazi ni barabara, dereva anazunguka Nkrumah Road anakupigia "uko wapi boss", wewe unamwelekeza kwa misikiti na yeye anaangalia kialama kwenye simu, mwishowe unatembea wewe kumfuata yeye. Chukua tuktuk ya kusimamisha kwa mkono, ama uwe na namba ya dereva wako.

Boda nitasema kwa kifupi. Zilipoondolewa kodi ya VAT zile pikipiki ndogo mwaka 2008 zilijaa nchi nzima na vijana wengi wakapata riziki, hilo ni jambo la heri na nina ndugu wanaoishi kwa hiyo kazi. Ukiwa peke yako, huna mzigo, unawahi kazini bandarini, panda. Lakini ndani ya vichochoro mimi ningeziwekea mpaka, maana milango yetu inafungukia njiani moja kwa moja, mtoto anatoka mbio hajui kuna kitu kinakuja, na boda kwa kuwa inapenya popote basi mwenyewe hapunguzi. Kipimo changu cha mzee na baraza, boda inafeli, siyo kwa upana wake ila kwa mwendo.

Mkokoteni nao usidharauliwe. Friji, kabati la bi harusi, mitungi ya maji pale mifereji inapokauka, vitu hivyo hakuna tuktuk itakayovibeba, na hamali wa hapa wanajua kila kona, wanajua pa kuinamisha mkono wa mkokoteni ndipo upite. Nimemwona mmoja akipitisha makochi ya watu watatu kwenye njia ambayo mimi na mwavuli wangu tunapita kwa taabu, aliegemeza gurudumu moja kwenye ukingo wa baraza, akasubiri mwenye nyumba aondoe kiti chake, akasema "samahani ami", akapita hajagusa ukuta. Walipe vizuri. Kazi yao ni ile ile ya wasukuma troli na jua ni lile lile.

Ukitaka kutoka kisiwani kwenda Likoni na tuktuk, ushauri wangu ni ikushushe feri uvuke kwa miguu. Feri ya Likoni inavusha watu tangu 1937 na anayetembea halipi kitu, chombo ndicho kinacholipia na kupanga foleni, sasa ya nini umlipe dereva akae foleni na wewe umo ndani unatokwa jasho. Ukivuka zipo nyingine tele ng'ambo. Ila na mzee mpango unabadilika, ule mteremko wa kushukia pantoni, yaani feri yenyewe, ni mkali na umati ukifunguliwa geti unakwenda kama mafuriko. Mama yangu huomba tungoje umati upungue, na akikanyaga pantoni hunyamaza anasoma dua mpaka ng'ambo, wa umri wake wengi wako hivyo tangu mkasa wa kuzama feri ya Mtongwe wa Aprili 1994 uliochukua watu zaidi ya 270. Kwa hivyo siku ya mzee mimi hulipia tuktuk ivuke naye akiwa amekaa humo humo, tena kwa saa ambazo si za wafanyakazi, saa tano za asubuhi ama saa nane mchana. Wenye gari sasa wana ile njia ya Dongo Kundu ya kuzungukia bara, lakini ukitokea Mji wa Kale kwa tuktuk huko ni mbali mno, sahau.

Ombi langu kwa kaunti ni moja, watuwekee stendi za tuktuk zenye kivuli kando ya mtaa, moja upande wa Ngome na nyingine upande wa Marikiti, madereva waache kujipanga kwenye kona ambazo ndizo za kugeuzia. Yale matofali ya kabro waliyotandika njiani yamesaidia sana, zamani mvua ikinyesha madimbwi yalikuwa yanaficha mashimo, leo gurudumu la mbele linapita bila kumrusha mtu. Bado kuna vipande vimezama karibu na vifuniko vya maji taka, virekebishwe kabla ya mvua nyingine.

Kwa mgeni anayekuja wakati wa Ramadhani, chukua namba ya dereva wa mtaani mapema. Uliza mwenye nyumba uliyopanga, atakupa wake. Mchana wa mfungo utazipata nyingi tu zimelala kivulini, lakini ikishaadhiniwa magharibi madereva wenyewe wanafuturu na barabara inakuwa tupu, na baada ya tarawehe kila mtu anataka kutoka kwa pamoja, wa kwenda kula mishkaki Makadara, wa kwenda kununua nguo za Idi, wanawake watano wanataka kuingia tuktuk moja. Kama huna mtu uliyemwambia tangu mchana utasimama sana. Mwambie saa, mwambie wangapi, mwambie kama kuna mzee, na ukipatana naye usimtoroke ukachukua iliyopita mbele, huku tunajuana.